Heshima Si Utumwa

Katika muziki ipo desturi ya mwimbaji kuuchukua wimbo uliokwisha kuimbwa na mwenzake, akaurudia kwa sauti yake. Wengi huidharau kazi hiyo kuwa ni kuiga tu, na mara nyingi wana haki. Hata hivyo, ziko nyimbo chache zilizorudiwa zikaupita ule wa asili. Mfano mmoja utatufaa katika ukurasa huu, kwa kuwa unahusu mambo ya nyumbani.

Mwaka 1965 Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, alitunga na kurekodi wimbo uitwao "Respect", maana yake heshima. Humo mume anarejea nyumbani na fedha zake, naye anamwambia mkewe kuwa hana madai makubwa, ila apewe heshima yake afikapo. Ulikuwa wimbo wa kuchangamsha, na watu waliupenda.

Tarehe 14 Februari 1967, mjini New York, Aretha Franklin aliurekodi upya. Binti huyo wa mchungaji, aliyelelewa Detroit na kuanza kuimba kanisani, alikuwa na umri wa miaka 24. Sehemu kubwa ya wimbo aliiacha ilivyokuwa, lakini msemaji alimbadili. Sasa ni mke anayenena. Anamkumbusha mume kwamba yeye pia anazo fedha, na kwamba kile anachokihitaji mume kimo mikononi mwake. Kisha akatia jambo ambalo kwa Redding halikuwamo: alilitamka neno lenyewe herufi moja moja, mithili ya mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito wa kuelewa, huku ndugu zake wa kike, Erma na Carolyn, wakimwitikia.

Mwaka huohuo wimbo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ilhali ule wa Redding ulikomea nafasi ya 35. Watu weusi waliokuwa wakipigania haki zao waliufanya wao, na akina mama vilevile. Redding mwenyewe, akiwa jukwaani Monterey mwezi Juni 1967, alitania kwamba msichana mmoja amemnyang'anya wimbo wake. Mwezi Desemba mwaka huo alifariki katika ajali ya ndege.

Hapo ndipo tunapoiona siri yake. Redding alikuwa fundi kamili, wala Aretha hakumshinda kwa ukubwa wa sauti. Alishinda kwa sababu alikuwa na lake la kusema, na wimbo ule ulikuwa umeliacha bila kusemwa. Anayerudia wimbo bila haja yake mwenyewe huishia kuwa mwangwi.

Lakini sifa haikuja na malipo yake yote. Kwa sheria ya Marekani, redio ilipoupiga wimbo huo ilimlipa mtunzi, si mwimbaji. Aretha aliishi hadi mwaka 2018, naye kwa santuri hiyo iliyopigwa redioni miaka nenda rudi hakupata ujira huo. Aliyeifundisha dunia kulitamka neno heshima, yake ilikuwa na upungufu.

Wahenga walinena kuwa heshima si utumwa, aitoaye hapungukiwi. Basi baba anayeidai mezani Jumapili ya leo na ajiulize: mama watoto akipewa nafasi ya kuurudia wimbo huohuo, ataimba nini?