Uprofesa kwa Jina la Waogiek

Ukikutana na mhadhiri wa sheria aliyejenga jina kwa kesi za jamii asilia, usimuulize ameandika makala ngapi. Muulize hukumu ilipotoka yeye alielekea wapi.

Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika Msitu wa Mau. Kisingizio cha kulinda mazingira hakikupita. Vyuoni tulishangilia. Kesi ikaingia darasani, makala zikaandikwa, makongamano yakaitishwa kwenye hoteli nzuri, na wako waliopanda vyeo. Kazi ile ilikuwa ngumu. Sina kinyongo na cheo cha mtu.

Juni 23, 2022, Mahakama hiyo hiyo ikaamuru fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000 za Kenya, pamoja na hatimiliki ya ardhi ya jamii ndani ya miaka miwili. Novemba 2023, muda ukiwa bado haujaisha, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa Sasimwani, kaunti ya Narok. Miaka miwili ikatimia bila hati.

Hapo makala zetu zilisaidia nini? Mwanafunzi wetu anakutajia kila kifungu cha Mkataba wa Afrika kilichovunjwa, lakini hajui barua ya kudai hati inapelekwa ofisi gani, wala mpaka wa msitu unapimwa vipi. Simlaumu. Ndivyo tulivyomfundisha. Kushinda siku tatu kwenye korido za wizara na mzee wa Mau hakuhesabiwi kuwa utafiti, kwa hiyo mhadhiri mwenye akili zake anarudi ofisini kuandika makala nyingine kuhusu mzee huyo.

Najua jibu: mhadhiri ni msomi, si mwanaharakati. Vizuri. Basi afute "upatikanaji wa haki" kwenye wasifu wake, aandike "upatikanaji wa hukumu".

Kamati za kupandisha vyeo zinaweza kubadilisha hili. Zihesabu ombi la utekelezaji lililofunguliwa mahakamani. Zihesabu hukumu iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa barazani, mbele ya watu iliyowahusu. Zihesabu kliniki ya sheria inayokaa Narok muhula mzima, hata kama mwishoni imezaa barua kumi tu na hakuna jarida lolote lililoisikia.