Baba hatetemeki, lakini mkono haupungi: kuutambua ugonjwa wa Parkinson

Msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha afya. Baba yake ana miaka 63 na sasa anachelewa katika kila kitu, iwe kufunga vifungo vya shati, kupukuchua mahindi, au hata kugeuka kitandani. Akitembea, mkono wa kulia haupungi. Jirani mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema mzee amerogwa. Kwa kuwa hatetemeki, hakuna aliyefikiria Parkinson.

Hata mimi, kabla ya kuandaa kipindi kile, nilidhani Parkinson ni kutetemeka tu. Labda ni kwa sababu ya Muhammad Ali, ambaye dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki mwaka 1996. Lakini dalili ambayo daktari huitafuta kwanza ni uzito wa mwili kutenda. Akiiona hiyo, ndipo huangalia kama kuna kutetemeka au kukakamaa kwa viungo. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa.

Uzito huu si uchovu wa kutoka shamba. Mwambie mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, mara kumi au kumi na tano. Mwenye Parkinson huanza vizuri, kisha vidole vinapunguza mwendo na kufunguka kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Linganisha mkono mmoja na mwingine, maana ugonjwa huu kwa kawaida huanzia upande mmoja. Ndugu huona pia mwandiko umekuwa mdogo, sauti imefifia, uso hauonyeshi furaha wala hasira, na hatua zimekuwa fupi za kuburuta miguu. Miaka kadhaa kabla ya hapo, wengine hupoteza uwezo wa kunusa, hufunga choo, au hupiga mateke na kelele usingizini.

Na kutetemeka je? Angalia mkono ukiwa umepumzika pajani. Wa Parkinson hutetemeka hapo, na mara nyingi hutulia kidogo mtu anaponyanyua kikombe. Kama mkono umetulia pajani lakini chai inamwagika kikombe kikielekea mdomoni, huenda ni tatizo jingine. Dawa nazo huleta hali inayofanana na Parkinson, hasa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Usimwachishe mtu dawa kwa uamuzi wako. Mwulize aliyemwandikia.

Kwa nini tunalisema hili sasa? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Hapa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu wapatao 161,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa nyumbani tu, na dawa ipo tangu miaka ya 1960.

Dawa hiyo ni levodopa. Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kutenda, hufa taratibu. Levodopa hugeuka kuwa dopamini. Haiponyi, ila inaweza kumrudishia mtu uwezo wa kuvaa na kutembea mwenyewe. Kero ni upatikanaji: katika nchi nyingi maskini haipo au bei yake haishikiki, na anayeianza hatakiwi kuikatisha ghafla.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mpeleke baba kituo cha afya na uombe rufaa kwenda hospitali yenye daktari bingwa. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kitakachotoa jibu. Daktari atamtazama na kumpima kwa mikono. Beba dawa zote anazotumia. Na kama simu yako ina kamera, mrekodi akitembea uani, akigeuka, akifunga vifungo. Siku ya kliniki anaweza kuamka mwepesi, na daktari asione unachokiona nyumbani.