Mambo ya Nyumbani: Sabuni ya Mikono Yetu



Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari za kitu kidogo kikaacho karibu na ndoo ya maji katika kila nyumba, nacho ni sabuni. Baadhi yenu mmetuuliza: Je, yafaa tuache vipande vya dukani, tutumie sabuni zinazopikwa kwa mikono kwa mafuta ya nchi yetu? Jibu letu ni ndiyo. Walakini si ndiyo ya haraka, kwa maana tuna jambo la kuungama kwanza.

Hapa kwetu Kigoma michikichi ni mingi, na sabuni ya mawese ni kazi ya akina mama tangu zamani. Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilipika sabuni ili kupata fedha za kuezeka nyumba ya mjane mmoja. Tangazo tuliliandika sisi wenyewe, tukasema kwamba ni sabuni ya asili, tena haina dhara. Sikukuu ilikuwa karibu na wanunuzi walikuwa wakingoja. Basi kostiki hatukuipima kwa mizani, bali tuliikadiria kwa kikombe. Tukaikata sabuni siku ya tatu, na siku ya sita tukaiuza.

Juma lililofuata akaja mama mmoja na mtoto wake mchanga mgongoni. Akamshusha, akafungua nguo, akatuonyesha mapaja ya mtoto: yalikuwa mekundu, yamebabuka. Hakututukana. Alisema tu, “Nilinunua kwenu kwa sababu mlisema haina dhara.” Mtoto alitunzwa katika zahanati, naye akapona. Sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba tukirudisha fedha za watu na kuchukua vipande vyetu, na paa la mjane likangoja hata mwaka wa pili.

Tangu siku ile tumejifunza kwamba neno “asili” si kinga. Sabuni njema yatoka katika kipimo na saburi, na yafaa kila mama ajue sababu.

Sabuni huzaliwa na vitu viwili visivyopendeza mwilini kila kimoja peke yake: mafuta, na kitu kikali cha jamii ya magadi. Wazee walichoma maganda ya ndizi, wakachuja maji katika majivu yake, wakayapika pamoja na mafuta; ikawa sabuni laini, isiyogandamana sana. Kwa sabuni ngumu ya kipande twatumia kostiki. Vitu hivi vikikutana kwa kipimo cha haki, kila kimoja huacha hali yake ya kwanza, ikatokea sabuni, na pamoja nayo kitu kitamu kiitwacho glisirini, kinachosaidia ngozi kushika unyevu. Kostiki ikizidi, huibakiza nafsi yake katika sabuni na kuichoma ngozi. Mafuta yakizidi kidogo, sabuni huwa pole. Yakizidi mno, huwa yenye utelezi na huchacha upesi.

Sasa twaweza kueleza kwa nini twaipenda sabuni ya mikono. Kwanza, glisirini yote hubaki ndani yake. Katika viwanda vingi hutengwa kwa maji ya chumvi, ikauzwa kwa watengenezao dawa na vipodozi. Pili, mama aliyeipika ajua kila kilichotiwa ndani. Tatu, fedha yake hubaki kijijini, mkononi mwa mkamua mafuta na mpika sabuni.

Lakini tusiseme uongo juu ya sabuni za dukani ili kuzisifu zetu. Kiwanda kina mizani na wapimaji, na mche wa sabuni ya kawaida wa bei ndogo huosha nguo na mikono vizuri kabisa. Tena vipande vingine vya dukani si sabuni hasa, bali vimetengenezwa kwa dawa nyingine za kusafishia, nazo huwa na ukali mdogo wa magadi kuliko sabuni yo yote tupikayo sisi. Mganga akimwambia mwenye ngozi gonjwa atumie kipande cha namna hiyo, amtii.

Viko vitu viwili vya dukani ambavyo twawaonya navyo. Cha kwanza ni sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Zebaki huingia mwilini kwa njia ya ngozi na kuumiza figo, na mama mjamzito humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya mataifa sabuni na krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Hata hivyo bado zapenyezwa masokoni. Dada zetu, rangi mliyopewa na Mwumba wenu si uchafu wa kuoshwa.

Cha pili ni sabuni zinazouzwa kwa bei kubwa kwa kuwa zina dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikataza dawa 19 za namna hiyo katika sabuni za kunawia za nyumbani, mojawapo ikiwa triklosani, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zafaa kuliko sabuni ya kawaida na maji. Basi fedha ile ya ziada inunue unga. Kinachowalinda watoto na kuhara ni kunawa vema kwa sabuni yo yote njema, baada ya choo na kabla ya kula, mkisugua kwa muda usiopungua sekunde 20.

Sasa twaja kwenye saburi. Katika nchi ya Biblia uko mji uitwao Nablus, karibu na mahali palipokuwa Shekemu ya kale, ambapo watu huonyeshwa kisima cha Yakobo. Huko sabuni hupikwa kwa mafuta ya zeituni, maji, na kitu kikali, basi. Humwagwa sakafuni, hukatwa vipande, hupigwa mhuri, kisha hupangwa minara mirefu yenye uwazi katikati ili upepo upite, ikaachwa ikauke kwa miezi. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wenzetu hawa wangoja kwa miezi, nasi tulishindwa kungoja hata siku saba!

Basi mtakao kupika, angalieni kanuni hizi.

Pimeni kila kitu kwa mizani, hata maji. Kikombe na kijiko vyadanganya. Kwa mawese gramu 700 pamoja na mafuta ya mise au ya nazi gramu 300, kostiki iwe gramu 140 na maji gramu 330. Kipimo hiki chaacha mafuta kidogo yasiyogeuka, kwa faida ya ngozi. Mkibadili mafuta, kipimo cha kostiki nacho chabadilika, msikisie.

Tieni kostiki katika maji, kidogo kidogo. Msimwage maji juu ya kostiki, kwa maana hufoka na kurusha moto. Fanyeni kazi nje penye upepo, mmevaa glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wawe mbali. Ikiruka mwilini, oshani kwa maji mengi kwa muda mrefu. Ikiingia jichoni, oshani vivyo hivyo, kisha nendeni hospitali bila kukawia.

Msitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki huila. Tumieni chombo cha chuma cha pua au ndoo ngumu ya plastiki, nacho kisirudi jikoni kamwe. Kostiki iliyobaki ifungwe katika chombo kilichoandikwa jina lake, na kufuli juu yake. Wako watoto walioinywa wakidhani ni maji.

Poozeni maji ya kostiki hata yawe vuguvugu, myatie katika mafuta vuguvugu, mkoroge mpaka uzito uwe kama uji. Mwageni katika kalibu, mfunike. Siku ya pili au ya tatu kateni, mvipange vipande penye kivuli na upepo, visigusane, navyo vikae majuma manne au sita. Kipande chenye vijichembe vyeupe ndani au chenye kuwasha kisitumike mwilini. Manukato yawe haba, maana hata mafuta ya karafuu, yatokayo mtini, huwasha ngozi. Na kwa mtoto mchanga maji safi hutosha mara nyingi, na sabuni pole kidogo tu penye uchafu.

Kitabu cha Mithali chasema wazi kwamba Mungu huichukia mizani ya udanganyifu. Zamani tulidhani neno lile lawahusu wenye maduka. Leo twajua lamhusu pia mwema mwenye haraka, aliyeacha kupima kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya sadaka.

Paa la mjane liliezekwa, kwa fedha ya sabuni iliyokaa majuma sita. Na yule mama aliyetujia na mtoto wake tulimwomba aingie katika kikundi. Alisita, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba mizani aishike yeye. Anaishika hata leo, wala hakuna kipande kitokacho mlangoni asichokihesabia siku.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za kuhifadhi mahindi yasiharibiwe na dumuzi. Kaeni salama.