NYUMBANI MWETU: Koki ya Bafuni Ivujayo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Koki ya bafuni ikivuja, tega ndoo usiku kucha. Asubuhi utayaona maji uyalipiayo bure.

Kabla ya kuibadilisha, teka maji ya kupikia. Funga koki kuu, uwaonye watoto wasiiguse. Ikiwa bafu lina hita ya umeme, uzime kwanza. Shika bomba kwa spana moja, uzungushe koki kwa nyingine, bomba lisije likapasukia ukutani. Nenda dukani na koki kuukuu upate ya kipimo hicho hicho. Nyingi ni nusu inchi. Safisha meno ya bomba, uviringe utepe mweupe wa mafundi kwenye meno ya koki mpya, kisha ukaze kwa kiasi. Fungua maji polepole. Kiungo kikibaki kikavu, kazi imekwisha.