Kusoma si Kutamka Tu

Wanafunzi wapenzi, wako wasomao kwa sauti safi, lakini ukiwauliza maana ya waliyoyasoma, hunyamaza. Hao wametamka, hawajasoma.

Twaeni hadithi ya kunguru na mbweha. Jean de La Fontaine, Mfaransa, aliitoa kwa mashairi mwaka 1668, akifuata hadithi za Esopo, Myunani wa kale. Kunguru yu juu ya mti, ana jibini mdomoni. Mbweha anamsifu mno; kunguru anafumbua mdomo apate kuimba, jibini inaanguka, mbweha anaitwaa.

Ulizeni kwanza: Ni nani waliomo? Hao ni wahusika. Ni mahali gani? Hiyo ni mandhari. Wanyama wakisema kama watu, ni tashihisi. Mbweha anamwita kunguru feniksi, ndege wa ajabu: hiyo ni sitiari. Angalisema «kama feniksi», ingalikuwa tashbihi.

Kisha ulizeni lisiloandikwa waziwazi: Sifa zile zilitoka moyoni? Mbweha hakuomba jibini hata mara moja. Lakini tazameni alichofanya ilipoanguka. Tendo limeifunua nia. Hapo ndipo ufahamu wenyewe.

Nanyi wazazi, msidhani ni mchezo wa shule. Kesho mtoto huyo atawasomea hati ya deni. Akijua kutamka tu, mtatia sahihi msilolijua. Basi jioni hii mwambieni afunge kitabu, asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Akiweza, amesoma.