UCHAMBUZI: Kwa nini lawama zinawaandama Wakristo nchini

Jumapili ya Machi 9, 2025, vijana waliandamana karibu na kanisa la Jesus Winner Ministry mtaani Roysambu, Nairobi, kupinga mchango wa Sh20 milioni ambao Rais William Ruto alikuwa amelipa kanisa hilo wiki moja awali. Polisi waliwatawanya kwa vitoa machozi. Mjadala uliofuata uliwagawanya Wakenya. Wapo waliodai kuwa nyumba ya Mungu ilikuwa ikishambuliwa na maadui wa dini. Wapo waliojibu kuwa hakuna aliyeikejeli imani ya yeyote. Kilichoulizwa ni fedha hizo zimetoka wapi na zinanunua nini.

Kisa hicho ni kimoja tu kati ya vingi ambavyo vimewafanya Wakristo kujiuliza ni kwa nini imani yao inaandamwa na lawama. Jibu linalotolewa upesi katika mimbari nyingi ni kwamba ulimwengu humchukia mwenye haki, na kwamba aliyeubeba msalaba asitarajie makofi. Jibu hilo lina ukweli katika baadhi ya visa. Hata hivyo, halitoshi kueleza hali ya Kenya.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Waliosema hawana dini hawakufika hata asilimia mbili. Vikao vya Bunge huanza kwa sala, viongozi wengi huapishwa wakiwa wameshika Biblia, na ni nadra harambee au mazishi kufanyika bila mhubiri kupewa nafasi ya kunena. Jamii yenye nguvu kiasi hicho haiwezi kudai kwa urahisi kwamba inaonewa na wachache. Isitoshe, wengi wa wanaolikosoa kanisa walibatizwa humo humo, na baadhi yao bado hutoa sadaka kila Jumapili.

Ili suala hili lieleweke, lawama zinazowakabili Wakristo zinafaa kutenganishwa katika mafungu matatu. Kuna chuki inayomlenga mtu kwa sababu tu ni Mkristo. Kuna ubishi kuhusu mafundisho na historia ya dini yenyewe. Na kuna madai ya uwajibikaji, yaani watu kutaka kanisa litende lile linalohubiri. Kuyachanganya mafungu hayo ni kosa linalowadhuru waumini wenyewe.

Fungu la kwanza halihitaji maelezo mengi kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki. Mnamo Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab waliteka basi katika Kaunti ya Mandera, wakawatenga abiria ambao hawakuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Aprili 2, 2015, kundi hilo lilivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi, baada ya kuwabagua kwa misingi ya dini. Waathiriwa hao hawakuulizwa kama makanisa yao yalikaguliwa hesabu au kama wachungaji wao walipokea bahasha za wanasiasa. Walikufa kwa kuwa walikuwa Wakristo. Hayo ndiyo mateso kwa maana yake halisi.

Ni vyema pia kukumbuka kilichotokea Desemba 2015, pale basi jingine liliposhambuliwa Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Kisa hicho kinaonyesha kuwa hata pale chuki dhidi ya Wakristo ilipofikia kilele chake, haikuwa ya Waislamu wote, na kwamba mtetezi wa Mkristo si lazima awe Mkristo.

Fungu la pili ni la kale. Tangu enzi za ukoloni, wapo Waafrika waliouona msalaba na bendera ya Mwingereza kama mapacha. Mwaka 1929, baadhi ya misheni katika eneo la Kati ziliwataka waumini kuukana hadharani ukeketaji wa wasichana. Maelfu walijiondoa, wakaanzisha shule na makanisa yao huru. Leo Wakenya wengi wanakubali kuwa ukeketaji ni dhuluma, na sheria ya 2011 imeupiga marufuku. Lakini uchungu uliobaki ulihusu jambo jingine: nani alikuwa na haki ya kumwamuru Mwafrika, na je, ni lazima mtu aache jina na mila zake zote ndipo aokoke? Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya hamsini, Wakristo waliokataa kula kiapo walionekana vibaraka wa mzungu, na baadhi yao waliuawa.

Swali hilo la historia halijazikwa. Linaibuka kila mara vyuoni na katika mijadala ya vijana wanaotaka kurejelea mila za mababu. Mkristo anayeulizwa swali hilo hateswi. Anatakiwa kuijua historia ya kanisa lake, ikiwemo mazuri yake kama vile shule na hospitali zilizojengwa na wamishenari, na mabaya yake pia.

Fungu la tatu ndilo linaloleta kelele nyingi zaidi kwa sasa, na ndilo ambalo viongozi wa dini hulielewa visivyo. Chimbuko lake ni heshima kubwa ambayo kanisa lilijipatia lenyewe.

Katika miaka ya themanini na tisini, wakati vyama vya upinzani vilikuwa vimepigwa marufuku na wakosoaji wa serikali kutiwa kizuizini, ni makasisi wachache waliothubutu kusema. Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian, waliukosoa utawala wa Rais Daniel arap Moi wakiwa mimbarini. Agosti 1990, Waziri wa Leba Peter Okondo aliwaonya Okullu na Muge dhidi ya kukanyaga Busia. Askofu Muge alienda, na akafariki katika ajali ya barabarani akirejea. Julai 7, 1997, polisi walivamia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi na kuwacharaza watu waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba, Mchungaji Njoya akiwa miongoni mwa walioumizwa.

Kizazi kilichoshuhudia hayo kilijifunza kulitazama kanisa kama wakili wa mnyonge. Ndiposa pengo lililofuata likaonekana kubwa mno. Katika uchaguzi wa 2007, baadhi ya makasisi waliegemea wagombeaji wa makabila yao, na ghasia zilizofuata zikawaua zaidi ya watu 1,100. Hata kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, ambako familia zilikuwa zimekimbilia usalama, liliteketezwa Januari 1, 2008. Mwezi uliofuata, Baraza la Kitaifa la Makanisa Nchini (NCCK) lilikiri kuwa viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na likaomba msamaha. Maungamo hayo yalikuwa ya heshima. Lakini mgema akishatia tembo maji, wanywaji huonja kwa hadhari.

Miaka miwili baadaye, makanisa mengi yaliwahimiza waumini kuikataa katiba pendekezi kutokana na vifungu kuhusu uavyaji mimba na Mahakama za Kadhi. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, takriban thuluthi mbili ya wapigakura waliiunga mkono. Kwa kuwa wengi wa wapigakura hao walikuwa Wakristo, ujumbe ulikuwa wazi: muumini alikuwa ameanza kupima mwenyewe maneno ya mchungaji wake.

Kisha likaja suala la fedha. Harambee za makanisa zimegeuka uwanja wa siasa ambako mheshimiwa hufika na gunia la noti, hupewa kipaza sauti, huwatusi mahasimu wake na kuondoka akipigiwa vigelegele. Kanisa la Kianglikana lilipowazuia wanasiasa kuhutubu katika ibada zake mnamo Septemba 2021, wengi walishangilia. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana waligeuza hasira yao pia kwa makanisa, wakihoji ni vipi mzazi anayelia kwa kukosa karo aone mamilioni yakimiminwa madhabahuni na yule yule anayemtoza kodi.

Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo alikataa zaidi ya Sh2 milioni ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, akasema zirejeshwe. Hatua hiyo ilijiri siku chache baada ya maaskofu wa Katoliki kuikosoa serikali vikali. Wale wale waliokuwa wakilishutumu kanisa walilimwagia sifa. Ikiwa wakosoaji hao wangekuwa maadui wa Kristo, wasingefurahia kuona kanisa lake likisimama imara. Walichokuwa wakikililia ni kanisa lile la enzi za Muge na Okullu.

Tukio lililozidisha lawama ni la Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa katika msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walidaiwa kufunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Wengi waliokufa walikuwa watoto, ambao hawakuwa na uwezo wa kuchagua imani wala kuikataa. Mackenzie na washukiwa wenzake walishtakiwa kwa makosa yakiwemo ugaidi na kuua bila kukusudia, na wakakanusha.

Baada ya maafa hayo, wengi walikumbuka yaliyotokea mapema 2016. Serikali ilikuwa imependekeza kanuni za kuwataka wahubiri kuwa na mafunzo ya dini na cheti cha nidhamu. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walizipinga wakisema zinakandamiza uhuru wa kuabudu, na Rais Uhuru Kenyatta akazisitisha. Hakuna awezaye kuapa kuwa kanuni hizo zingewaokoa watoto wa Shakahola. Hata hivyo, makanisa yaliahidi kujidhibiti yenyewe, na ahadi hiyo haikumfikia Mackenzie, licha ya kwamba alikuwa amewahi kukamatwa kutokana na mahubiri yake. Jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa NCCK, liliwasilisha ripoti yake Julai 2024 na kupendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya kidini.

Wasiwasi wa makanisa kuhusu sheria kama hizo si wa kupuuzwa. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dhamiri na ibada, na serikali inayoweza kumnyima cheti mhubiri tapeli inaweza pia kumnyima anayeikosoa. Nchini Rwanda, maelfu ya makanisa yalifungwa 2018 kwa misingi ya usafi, usalama wa majengo na kelele. Lakini kadiri kanisa linavyochelewa kujisafisha, ndivyo linavyoipa serikali sababu ya kuingia na ufagio wake.

Wakosoaji nao hawana budi kujichunguza. Methali kwamba samaki mmoja akioza wote huoza imetumiwa vibaya katika mjadala huu. Mama muuza mboga anayefunga kibanda chake Jumapili ili akaimbe kwaya hana hisa katika helikopta ya mhubiri yeyote. Kumwita mjinga kwa sababu anaamini ni dharau tupu, na haimrejeshei yeyote hata shilingi moja iliyoibwa. Pia ni rahisi kumcheka mlokole, ilhali wengi wa wanaomcheka humwita mchungaji yule yule wanapofiwa.

Kwa upande wao, Wakristo wanaoona kila swali kuwa vita dhidi ya imani wanasahau maandiko yao wenyewe. Manabii Nathani na Amosi hawakuwa wapagani. Waliwakemea wafalme na makuhani kutoka ndani, kwa jina la Mungu yule yule. Yesu mwenyewe alizipindua meza za wafanyabiashara hekaluni. Katika mapokeo hayo, kukemea uovu ndani ya nyumba ya ibada ni sehemu ya imani.

Hatari kubwa ya kuyaita mateso yale ambayo ni maswali tu ni kwamba neno hilo hupoteza uzito. Mhubiri anayedai kuteswa kwa kuulizwa ilikopelekwa sadaka anajiweka safu moja na wanafunzi wa Garissa, jambo ambalo ni kuwakosea marehemu hao na jamaa zao. Siku Mkristo atakapowindwa kwa kweli na kupiga yowe, majirani huenda wakadhani ni kelele zile zile za kila siku.

Hatari ya pili ni ya vijana. Kijana anayeambiwa kuwa anapigana na Mungu kwa kuuliza swali la hesabu huenda akaamua kuwa Mungu na mhubiri huyo ni kitu kimoja, akawaacha wote wawili. Makanisa yatakayofungua vitabu vyake vya fedha, kumnyima mwanasiasa kipaza sauti na kumkana hadharani mhubiri anayewadhulumu waumini hayatamaliza lawama zote. Zitasalia zile zinazotokana na imani yenyewe, na hizo Mkristo anaweza kuzibeba kichwa kikiwa juu. Zile zinazotokana na bahasha ni mwiba wa kujidunga, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.