Kijana, unda lugha yako ndogo ya kompyuta

Wewe unayejifunza kuandika programu, umewahi kuunda lugha yako ya kompyuta, ama ni kutumia tu za wengine? Utasema hiyo ni kazi ya maprofesa. Wapi!

Chukua nauli za kondakta: 50 80 50 100. Katika lugha nyingi, kuzijumlisha ni kuipitia orodha namba moja moja. Katika lugha ya J unaandika +/ 50 80 50 100, basi, unapata 280. Ile / inapachika + kati ya namba zote. Nauli zimepanda kwa 20? Andika 20 + 50 80 50 100, orodha nzima inabadilika mara moja.

Wazo hili alilieneza Kenneth Iverson wa Kanada, katika kitabu alichochapisha mwaka 1962. Mwaka 1989 Arthur Whitney aliandika programu ya ukurasa mmoja, kwa alasiri moja tu. Roger Hui akaichambua, kisha yeye na Iverson wakaunda J.

Ukurasa mmoja! Kwa hivyo usianze na makuu. Chagua alama nne: ya kujumlisha, ya kuzidisha, ya kuhesabu urefu wa orodha, na ile /. Kama J, soma kutoka kulia kwenda kushoto, usihangaike na ni hesabu gani itangulie.

Najua, akili bandia itakuandikia. Sawa, lakini ikikosea utajuaje? Anayeijua injini hababaiki gari likizima njiani. Wikendi hii weka simu kando, fungua ukurasa mtupu, uanze.